Mke Mwenzangu na Goti Lililokataa Kukunjika

Wenzangu, msione haya kunitazama mguu. Nitapandisha sketi kidogo muone kovu lenyewe. Linaanzia hapa juu ya goti, linashuka mpaka hapa, na upande huu limepinda kwa sababu lilifunguliwa mara ya pili. Daktari wa mazoezi ameniomba nikae mbele yenu niwaeleze yaliyonipata, maana anasema wengine wenu mmefika leo mkiwa mmekata tamaa. Na kweli, namwona mama yule pale amenyoosha mguu kama ubao. Mama, nilikuwa hivyo hivyo. Nilikaa kwenye benchi hilo hilo, na nilikuwa nimeshajiambia kwamba mimi sasa ni mtu wa kusukumwa mpaka kaburini.

Jina langu ni Yunia Awuor. Nilizaliwa Kendu Bay, nikaolewa Lambwe, na Lambwe ndiko kwangu hadi leo. Ninalima karanga na mahindi, na nina ng'ombe wachache walioachwa na marehemu mume wangu. Kabla ya haya yote sikuwa mtu wa hospitali. Maji nilibeba mwenyewe. Kanisani nilikuwa mstari wa mbele kwa wale mama wanaocheza wakati wa sadaka. Miguu yangu sikuwahi kuifikiria hata siku moja. Nani hufikiria mguu wake ukiwa mzima?

Mume wangu alikuwa na wake wawili. Kwetu Waluo mke wa kwanza huitwa mikayi, na wa pili huitwa nyachira. Mimi ndiye mikayi. Nyachira, yeye aliishi Migori mjini, ambako mzee alikuwa akifanya kazi. Mzee alipotuacha, Nyachira alibaki huko huko na cherehani yake, akishona sare za shule. Sitawadanganya kwamba tulikuwa maadui. Hatukuwahi kugombana, hata juu ya kijiko. Lakini marafiki pia hatukuwa. Tulionana kwenye matanga na Krismasi, tukaulizana habari za watoto, kisha kila mmoja akaingia nyumbani kwake na kufunga mlango. Hata mzee tulimlilia hivyo. Yeye kwake, mimi kwangu.

Goti lilivunjika siku ya josho. Tulikuwa tumepeleka ng'ombe kuoshwa kupe, na fahali mmoja wa jirani akashtuka, akarudi nyuma kwa nguvu. Alinisukuma kwa ubavu tu, hata kwa pembe hakunigusa. Nikaanguka na goti likapiga ukingo wa saruji. Nilisikia mlio kama wa kikombe kikipasuka. Nikajaribu kusimama, mguu ukakataa kuninyanyua. Nilipoangalia, kile kifuniko cha goti, wengine wanakiita pia ya goti, kilikuwa kimegawanyika. Katikati palikuwa na shimo ambalo kidole kingeweza kulala.

Nilipigwa eksrei Homa Bay, halafu nikaelekezwa kwa daktari wa mifupa Migori. Yeye alinionyesha ile picha. "Mama Yunia, pia ya goti imevunjika vipande. Nitaviunganisha kwa waya. Ukipona utatembea." Akanipasua. Nilidungwa sindano ya mgongo, sehemu ya chini ya mwili ikafa ganzi, na nilisikia wakizungumza juu yangu kama mafundi wanaotengeneza baiskeli. Siku chache baadaye nikaruhusiwa kwenda nyumbani na magongo mawili, bandeji nene, na vidonge vya kumeza.

Hapo ndipo nataka msikilize vizuri.

Wiki za kwanza zilienda sawa. Halafu siku moja nikahisi goti lina joto. Sikulitilia maanani. Baadaye bandeji ikaanza kulowa kwa maji ya manjano. Jirani yangu mmoja, mwanamke mwema anayenipenda, alikuja kunipikia uji. Akaangalia, akasema, "Huo ni uchafu. Acha utoke. Ukitoka wote utapona." Mimi nikaona amesema jambo la maana. Kwani jipu si hutoka usaha ndipo lipone? Nikaacha utoke. Ukatoka siku nyingi, na kila siku ulikuwa mzito kuliko jana. Mwili ukaanza kutetemeka kwa baridi jua likiwa utosini. Chakula kikawa kama udongo mdomoni. Mguu ulifura mpaka ngozi ikang'aa.

Binti yangu Lilian ameolewa upande wa Asumbi. Alikuwa ametoka kujifungua, mtoto mchanga kabisa, hakuweza kuja. Aliponisikia kwenye simu sauti imekwisha, akaniuliza, "Mama, uko na nani hapo?" Nikamwambia niko na Mungu. Kumbe binti hakuridhika na jibu hilo. Alimpigia Nyachira.

Nyachira alifika kesho yake asubuhi na gari la kukodi. Sikuwa nimemtarajia. Alisimama mlangoni kwangu, mlango ambao alikuwa ameuingia mara chache sana maishani, akanisalimu. Nikaona pua yake inacheza.

"Mikayi," akasema, "fungua hiyo bandeji."

"Ni uchafu tu unatoka."

"Fungua nione."

Nikafungua. Wenzangu, lile goti lilinuka. Mimi nilikuwa nimelizoea, lakini nilipouona uso wake nikaelewa. Pale nyuzi zilipokuwa, ngozi ilikuwa imeachana kidogo, na chini yake kulikuwa na usaha wa kijani. Nikaona aibu sana. Nikasema, "Nyachira, samahani, ninanuka."

Akapiga magoti pale chini, akaanza kuifunga ile bandeji upya kwa mikono yake mitupu, bila kukunja uso. "Si wewe unayenuka," akasema. "Ni kidonda. Na kidonda kina daktari wake. Mavazi yako yako wapi?"

Nikamwambia kuna ng'ombe, kuna kuku, siwezi kuondoka. Akatoka nje. Alizungumza na jirani, na sijui alimwambia nini mpaka leo, lakini jirani alikuja mbio kuchukua funguo. Ndani ya muda mfupi nilikuwa nimelazwa kiti cha nyuma cha gari, mguu umewekwa juu ya mapaja ya Nyachira. Njia nzima mpaka Migori aliushika hivyo, ili usigongwe na mashimo ya barabara.

Daktari wa mifupa alipoliona goti, hakunigombeza. Alikaa kwanza. "Mama, viini vimeingia kwenye kidonda," akasema. "Lazima nifungue tena na kuosha mpaka ndani. Vikifika kwenye kiungo chenyewe na mfupani, tutakuwa na shida kubwa."

"Utanikata mguu?"

"Hatujafika huko. Na nataka tusifike. Lakini ungekaa nyumbani wiki nyingine, hilo ndilo tungekuwa tunazungumza sasa."

Nyachira alikuwa amesimama nyuma yangu. Nikahisi mkono wake begani.

Nilirudi chumba cha upasuaji. Waliosha, wakakata nyama iliyokufa, wakaacha mpira mdogo wa kutolea maji machafu. Waya waliziacha kwa sababu zilikuwa bado zimeshika mfupa. Kisha nikalazwa wodini muda mrefu, nikipewa dawa za kuua viini kwa dripu. Mishipa ya mikono ilichoka, wauguzi wakawa wanatafuta mwingine kila mara. Dawa zile zilikuwa kali. Ziliua viini lakini pia zilinivuruga tumbo. Kuna siku nilichafua kitanda chote, mtu mzima kama mimi. Nililia. Nyachira alinizungushia leso kama pazia, akanisafisha, akabadilisha shuka, huku akiniambia habari za wateja wake wanaotaka sare ishonwe leo na ivaliwe leo. Alizungumza kana kwamba anapanga vyombo tu.

Muuguzi mmoja akamuuliza, "Wewe ni binti yake?"

"La. Mimi ni mke mwenzake."

Muuguzi akasimama na bomba la sindano mkononi. "Mke mwenza? Anakusafisha hivi?" Akatuangalia mmoja baada ya mwingine, akacheka. Alikuwa Mluo mwenzetu, kwa hiyo alijua kwamba katika lugha yetu neno la mke mwenza na neno la wivu ni kama watoto wa tumbo moja.

Homa ilishuka. Kidonda kikaanza kuwa chekundu kizuri, chekundu cha nyama hai. Daktari akaniruhusu kutoka, lakini nikae karibu, nirudi kusafishwa kidonda mara kwa mara. Nikamtazama Nyachira. Sikuwa na uso wa kumwomba. Akasema kabla sijafungua mdomo, "Kitanda changu ni kikubwa. Mimi nitalala upande wa ukuta."

Nyumba yake ni vyumba viwili tu. Chumba cha mbele kina cherehani na marundo ya vitambaa vya buluu na kijani. Choo ni cha shimo, na kuchuchumaa nilikuwa siwezi. Alichukua kiti cha plastiki, akakata tundu kubwa katikati kwa kisu alichokipasha moto, akasugua kingo zisinikwaruze, akakiweka juu ya shimo. "Haya, kiti cha chifu hiki," akasema. Kama kuna mtu hapa anateseka chooni, usione haya kukisema. Hilo jambo liliniumiza roho kuliko kisu cha daktari, na lilitatuliwa na kiti kilichochakaa.

Sasa nilidhani nimemaliza. Kidonda kilikuwa kinafunga. Lakini siku nilipoletwa hapa kwa daktari wa mazoezi, kijana wetu huyu, aliniambia nikunje goti. Nikajaribu. Halikukunjika. Si kwamba lilikunjika kidogo, halikukunjika kabisa. Lilikuwa limekaza kama mchi.

Akanieleza kwa upole. "Mama, goti likikaa muda mrefu bila kukunjwa, na likipata viini juu yake, ndani hujishika. Nyama zinagandamana. Kidonda kimepona nje, lakini ndani kumeshonwa vibaya. Kazi yetu ni kuyafumua hayo taratibu. Itauma."

"Na nikiacha?"

"Litabaki hivyo. Utatembea, lakini kama mtu aliyefungwa mti mguuni. Daktari wa mifupa amesema akikuona tena na halijafika nyuzi tisini, yaani pembe kama ya kitabu kilichofunguliwa nusu, atakulaza kwa dawa ya usingizi alikunje mwenyewe. Baada ya viini vile, hilo lina hatari zake. Afadhali tulifanye sisi."

Akashika mguu akakunja kidogo tu. Nilipiga kelele mpaka watu wa korido wakasimama. Niliporudi nyumbani nikamwambia Nyachira, mimi basi. Nimekatwa mara mbili, nimetobolewa mikono yote, nimejinyea mbele za watu. Mguu ulionyooka unanitosha. Nirudishe Lambwe.

Hakubishana. Aliendelea kushona. Mguu wake ulikuwa ukikanyaga cherehani, juu, chini, juu, chini, na mimi nikawa nauangalia ule mguu jinsi goti lake linavyokunjika bila hata kumwomba ruhusa. Machozi yakanitoka. Akaona. Akaacha kushona, akaja kukaa kando yangu kitandani.

"Mikayi," akasema, "tangu mzee aondoke, kwa ile boma yetu umebaki wewe. Mimi nikija nyumbani, moshi ninaouona ni wa jiko lako. Usipoweza kuinama kuwasha moto, mimi nitarudi kwa nani?"

Sikujua kwamba aliutazama moshi wangu. Miaka yote ile nilidhani anakuja kuangalia nyumba yake tu.

Tukaanza. Kila asubuhi kabla ya wateja, na kila jioni. Ninameza dawa ya maumivu kwanza, tunangoja ianze kufanya kazi. Analaza taulo la maji ya moto juu ya goti, mbali na kidonda. Kisha tunaweka karatasi ya nailoni chini ya kisigino ili kiteleze kitandani, navuta kisigino kuja kwangu, nakirudisha. Halafu nakaa ukingoni mwa kitanda, mguu unaning'inia wenyewe. Alinishonea mfuko mdogo wa kitambaa cha sare, akajaza mchanga, tukaufunga juu ya kifundo ili uzito ufanye kazi yake. Na kila zoezi nililofanya, naye alilifanya kando yangu, na mfuko wake wa mchanga. Nikamuuliza, wewe goti lako lina nini? Akasema, "Halina kitu. Ni ili usilie peke yako."

Lakini goti lilikuwa kaidi. Siku zikapita, pembe haikusogea. Kijana alipima, akaandika, akatabasamu ili kunitia moyo, na mimi nilimsoma usoni. Siku ya kuonana na daktari wa mifupa ilikuwa imekaribia.

Jioni moja tulikuwa tumekaa ukingoni, miguu yetu inaning'inia, mimi nimeng'ata meno. Nyachira akaniuliza ghafla, "Hivi samaki wako unampikaje? Ule mchuzi mzito."

"Kwa nini?"

"Mzee hakuacha kuusema. Kila nilipompikia samaki, alikula, akafuta mdomo, akasema, 'Ni mzuri. Lakini Mikayi, yule anajua samaki.' Nililia kwa sababu ya samaki wako mwaka mzima."

Nikamgeukia. "Nyachira, unasema kweli?"

"Kweli kabisa."

"Kwangu alikuwa akisema, 'Ni mzuri. Lakini Nyachira, yule anajua samaki.'"

Tukatazamana. Yeye akaanza, kicheko cha puani, kisha kikafunguka. Mimi nikamfuata. Tulicheka mpaka tukashikana. "Mwizi yule!" akasema. "Alikula samaki watamu nyumba mbili!" Tulicheka mpaka kicheko kikageuka kilio, na hapo ndipo tulipomlilia mume wetu pamoja, kwa mara ya kwanza, na mifuko ya mchanga imefungwa miguuni.

Tulipotulia, Nyachira akaangalia chini. "Mikayi. Angalia mguu."

Ulikuwa umeshuka. Wakati nacheka nilisahau kuukaza, na ule mchanga ukauvuta. Ulikuwa bado haujafika, lakini ulikuwa umeshuka kuliko siku yoyote. Uliuma, ndiyo, uliuma sana, lakini lilikuwa ni goti langu limekunjika.

Kijana wetu aliponieleza baadaye, alisema ni kawaida. Ukiogopa maumivu unakaza msuli, na msuli uliokazwa unapigana na mkono unaokusaidia. Tangu siku ile hatukufanya tena mazoezi kimya. Nyachira alinisimulia maisha ya mzee kule Migori, nami nikamsimulia ya ujana wake nyumbani, kabla Nyachira hajamjua. Kila mmoja wetu alikuwa na nusu ya mtu.

Daktari wa mifupa aliponiona, alinikalisha, akaweka kipimo chake, akaangalia mara mbili. "Tisini, na kidogo zaidi," akasema. "Sitakulaza." Nilitaka kupiga kigelegele, lakini Nyachira alishanitangulia.

Siwadanganyi, goti halikurudi kama la zamani. Waya zilitolewa baadaye, mfupa ulipokuwa umeshika, kwa sababu ncha zilikuwa zinachoma ngozi. Kuchuchumaa kabisa bado siwezi. Kanisani nasali nimekaa, na Mungu hajalalamika. Mvua ikitaka kunyesha goti hunijulisha kabla ya mawingu. Lakini natembea bila gongo. Napalilia karanga nikiwa nimekalia kigoda, nasogea nacho. Mjukuu wa Asumbi nimembeba mgongoni.

Ninachowaomba ni hiki. Kidonda cha upasuaji kikipata joto, kikawa chekundu, kikatoa usaha au harufu, au ukapata homa, au mguu ukafura ghafla, usingoje uchafu utoke. Rudi hospitali siku hiyo hiyo. Mtu anayekupenda anaweza kukupa ushauri mbaya kwa moyo mzuri kabisa. Dawa mkipewa mzimalize, hata mkijisikia mmepona. Na mazoezi msiyaogope, ila msiyafanye peke yenu. Tafuta mtu wa kukaa naye ukingoni mwa kitanda. Anaweza kuwa mtu ambaye hukumtarajia kabisa.

Namshukuru Mungu. Nawashukuru madaktari na wauguzi walionishika nilipokuwa sishikiki. Na Lilian, ambaye hakukubali jibu langu kwenye simu.

Mama, wewe wa mguu ulionyooka, usiondoke kwanza. Nataka nikufundishe ile ya karatasi ya nailoni. Nyachira yuko pale nje kwenye kivuli, ananingoja turudi naye Lambwe. Asubuhi nilimwambia asiache cherehani yake kwa ajili yangu, najua njia, goti limepona. Akasema hapana, ana shughuli yake huku hospitalini. Nimemchungulia dirishani tangu nianze kuzungumza. Hana shughuli yoyote huku.